Somo: Kuchagua pikapu za hambaka kwa gitaa la jazi

Pikapu ninayoizungumzia hapa haibebi mkaa. Ni kile kifaa cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme unaokwenda kwenye ampli. Pikapu ya koili moja, yaani yenye fungu moja la waya uliozungushwa mara nyingi, hunasa pia muungurumo wa umeme wa majumbani, ambao kwetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na yeyote aliyepiga gitaa karibu na taa za tyubu anaufahamu. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zilizounganishwa kinyume na kuwekewa ncha za sumaku zinazopishana, hivi kwamba muungurumo wa koili moja hufutwa na wa nyingine ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka.

Hatua ya kwanza ni kulijua gitaa lenyewe kabla ya kufungua pochi. Ikiwa ubao wake wa juu ni wa mbao halisi iliyochongwa, usikubali fundi autoboe. Tafuta hambaka nyembamba ya kuelea, inayoshikiliwa na ncha ya shingo au na kibao cha kuzuia mikwaruzo, ili ubao ubaki huru kutikisika. Ikiwa ni wa plaiwudi, kama ulivyo wa Gibson ES-175, kwa kawaida tundu lipo tayari, nawe unachohitaji ni kupima kwa rula umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya pikapu ya zamani. Pikapu za mtindo wa Gibson huwa karibu na milimita 50, na zipo pana zaidi, za milimita 52 au 53.

Hatua ya pili ni kuamua fedha ziende wapi. Ziende shingoni. Uzi hutikisika kwa upana mkubwa zaidi pale kuliko karibu na daraja linalobeba nyuzi juu ya sanduku, hivyo sauti ya msingi ya noti hutoka nene na ukali hupungua. Wes Montgomery alitengenezewa na Gibson gitaa la L-5 lenye pikapu moja tu, ya shingoni, na sijamsikia mtu akilalamika kwamba kuna kitu kilipungua.

Hatua ya tatu, ya sumaku na mizunguko ya waya, ndiyo inayowapoteza wengi, nami niliwahi kupotea humo. Nilinunua pikapu ya sumaku ya seramiki yenye kiloomu 15 kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba namba kubwa ndiyo pikapu bora. Noti nne au tano zilizopigwa pamoja zikatoka zimeshikamana kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Kiloomu hupima ukinzani wa waya, si uzuri wala nguvu ya sauti, na waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata mizunguko isipoongezeka. Kwa jazi anza na hambaka ya mizunguko takriban 5,000 kwa kila koili, yenye kiloomu 7 hadi 8 hivi, na sumaku ya aliniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Aliniko 2 ina mvuto mdogo, na noti zake huanza kwa ulaini; aliniko 5 ina nguvu zaidi, besi yake hukaza na noti za juu hung'aa. Kwa sikio langu, anayetumia nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe laini badala ya waya wa duara, ambazo zenyewe hazina ukali, atafaidika na aliniko 5, na mwenye nyuzi za kawaida atatulizwa na aliniko 2. Wengi hufanya kinyume, wakirundika giza juu ya giza, halafu wanashangaa noti zao zinapomezwa na matoazi.

Hatua ya nne ni fupi: potenshomita, yaani vidhibiti vya sauti na toni vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha, ziwe za kiloomu 500, na kapasita ya toni, kile kifaa kidogo kinachopunguza ukali, iwe ya mikrofaradi 0.022.

Hatua ya tano ni kufunga. Gitaa la sanduku tupu halina mlango wa nyuma. Kila kitu hupitia kwenye matundu yenye umbo la herufi f. Kabla ya kung'oa potenshomita, funga uzi wa kushonea kwenye mhimili wa kila moja, kwa kuwa uzi huo ndio utakaoirudisha kwenye tundu lake. Ukiusahau utashinda mchana kutwa ukipapasa ndani kwa kipande cha waya. Kisha bonyeza uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho, uteremshe pikapu hadi ibaki nafasi ya milimita 2 hadi 3, upande wa besi ukiwa chini kidogo zaidi. Jaribu hili kwanza kwa pikapu uliyo nayo, maana bisibisi imewaokolea wengi gharama ya pikapu mpya.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nyuzi nilizopata dukani ni za shaba nyeusi. Mbili nyembamba zinapiga kelele, nne nene hazisikiki vizuri. Je, pikapu ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Pikapu ni nzima. Sumaku haiivuti shaba nyeusi, kwa hiyo katika nyuzi nene inasikia kiini cha chuma peke yake. Weka nyuzi za nikeli, seti inayoanza na inchi 0.012, na uzi wa tatu uwe wa kuzungushiwa.

Swali: Kaka, nikiwasha pikapu zote mbili sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ndogo, ila moja moja ni nzuri.

Jibu: Zinapingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Ikiwa mpya ina waya nne mbali na ule wa ardhi, badilishana ncha mbili za mwisho, ya kuingia na ya kutoka. Ikiwa ina waya mmoja ndani ya wavu wa chuma, usibadilishe, kwani kifuniko chake kitakuwa sehemu ya njia ya sauti na kitavuma kila ukikigusa. Hapo sumaku ndiyo igeuzwe, na kazi hiyo mpe fundi aliyeizoea.

Swali: Nichukue iliyotiwa nta au isiyo na nta?

Jibu: Nta huingizwa kwenye koili ili waya zake zisitikisike. Isiyo na nta husikia hata kucha ikigonga ubao, na kwa sauti ya chini inapendeza mno. Lakini ukipiga na bendi yenye ngoma na tarumbeta, chukua yenye nta. Kama tayari unayo isiyo nayo na inapiga mluzi, simama pembeni ya ampli badala ya kuielekea, na uzibe matundu ya f kwa sponji kabla hujafikiria kununua nyingine.