Kuishi na kifaa cha kushtua moyo: mwongozo kwa mgonjwa wa Tanga na watu wa nyumbani kwake

Kifaa cha kushtua moyo, ambacho wengi hukichanganya na betri ya moyo ya kawaida (ile ya kusaidia moyo unaopiga polepole), huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga ili kumlinda mtu ambaye vyumba vya chini vya moyo wake huweza kwenda mbio ghafla hadi vikashindwa kusukuma damu. Wengi wanaoacha kutembea, kuoga baharini au kulala na wenzi wao hawazuiwi na moyo bali na woga wa kushtuliwa na umeme wa kifaa, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia.

Kubalianeni mapema nyumbani nini kitafanyika. Mgonjwa akishtuliwa mara moja na kujisikia vizuri, apumzike, kisha aipigie simu kliniki siku hiyohiyo au kesho yake. Akishtuliwa mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, au akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzimia, apelekwe hospitali papo hapo; aliyeko mjini aende Bombo, asisubiri basi la Dar es Salaam. Asiyeitika wala kupumua akandamizwe kifua bila kusita, kwani anayemgusa mgonjwa wakati wa mshtuko huenda akahisi mtekenyo tu, wala hadhuriki. Mwenzi wa ndoa naye ajue hivyo.

Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo, mkono wa upande wenye kifaa usiinuliwe juu ya bega, maana nyaya zilizoingizwa moyoni hazijashika sawasawa. Kwa nyumba zetu, maana yake ni kutojitwika ndoo, kutotwanga kwenye kinu na kutoanika nguo kwenye kamba ya juu. Hata hivyo, mkono usitulizwe kabisa, kwa kuwa bega litakakamaa; kuchambua mchele au kumenya viazi kunafaa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni malaria. Dawa mseto na kwinini, pamoja na baadhi ya antibiotiki kama eritromaisini, huweza kuvuruga mapigo ya mgonjwa wa namna hii, hasa akiwa anatumia amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Kwa hiyo homa ipimwe hospitali, na daktari aoneshwe dawa zote anazomeza mgonjwa, mitishamba ikiwamo. Hii si ruhusa ya kuacha tiba ya malaria, bali ni sababu ya kuichagua kwa uangalifu. Kuharisha sana nako kusipuuzwe, kwani mwili hupoteza madini ya potasiamu ambayo moyo huyategemea. Amiodaroni pia huifanya ngozi iungue upesi, na jua la Tanga mnalijua, basi vaeni mikono mirefu na kofia au mtandio.

Simu isiwekwe mfuko wa shati. Iwe umbali wa sentimeta 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa. Fundi wa kuchomelea aulize kliniki kabla ya kurudi kazini. Kuogelea Raskazone kunawezekana kidonda kikipona na daktari akiridhia, ila si peke yako, na mvuvi vilevile asiende baharini bila mwenzake.

Mwenye bodaboda ana habari ngumu zaidi. Baada ya kushtuliwa, hata safari zake binafsi mara nyingi husimamishwa kwa miezi 3 hadi 6, na katika nchi za Ulaya mwenye kifaa hiki haruhusiwi kabisa kuendesha basi la abiria. Ni afadhali familia ianze kutafuta kazi nyingine mapema, wakati pikipiki bado ina bei.