Namna ya kumtembeza mtoto Mombasa ajue watu waliishi vipi na wanyama wa mwitu

Wengi wakitaka mtoto aone wanyama wanawaza mbuga tu, mimi nasema anza hapa hapa mjini, asubuhi kabla jua halijachoma, na chupa ya maji mkononi.

Kwanza Mapembeni, pale Moi Avenue penye sanamu za pembe kubwa za ndovu juu ya barabara. Mshike mkono maana magari pale ni mengi, kisha mwache agonge pembe asikie zinavyolia, zile si pembe za kweli, ni aluminiamu, ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ziara ya binti mfalme wa Uingereza. Sasa muulize, je za kweli zilienda wapi? Hapo ndo umwambie misafara ya Wakamba ilileta pembe kutoka bara, zikapakiwa majahazini hadi India zikachongwa bangili, nyingine Ulaya na Marekani zikawa vidude vya kubonyeza vya piano na mipira ya biliadi. Usimfiche kwamba ndovu waliuawa wengi sana. Mwambie pia Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe.

Pandeni tuktuk hadi Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, mkae chini ya mbuyu mle mihogo mkiangalia meli zinavyoingia. Hapo ndo pazuri pa kumsimulia yule twiga wa Malindi aliyepelekwa China mwaka 1415, Wachina wakamwona mnyama wa baraka.

Kisa cha fisi usisimulie wewe, kama kuna nyanya wa Kimijikenda mpigieni simu, maana zamani Mijikenda walimheshimu fisi mpaka akifa analiliwa kama mtu, na hili mtoto akilisikia kwa mzee halimtoki.

Mchana matatu ya Mtwapa, shukeni Bamburi, Haller Park, ile bustani ya wanyama. Zamani palikuwa machimbo ya simiti, mawe matupu, miti ilianza kupandwa miaka ya 1970 taratibu. Hapa ndo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alimganda kobe mzee akilala naye kama mamake.

Uliza getini saa ya kulisha twiga. Mtoto afungue kiganja kabisa, asivute mkono, ulimi ni mrefu, mweusi, unakwaruza. Wangu alipiga kelele kwanza, halafu kimyaa, halafu akaniuliza yule wa China alikula nini kule melini.