SOMO: Kupiga picha mawingu ya vumbi ya Antares na Rho Ophiuchi kwa lenzi ya 135 mm

Wakuu, salaam. Tangu niweke ile picha ya eneo la Antares, kila kukicha naulizwa settings. Nimejibu inbox mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika somo zima mara moja. Ukiuliza kitu ambacho kimo humu nitakujibu kwa namba ya hatua tu. Usininunie.

Tunapiga nini

Ile nyota ya rangi ya chungwa katikati ya kundinyota la Nge ndiyo Antares. Kama nyuzi 3 kutoka hapo kuna nyota hafifu iitwayo Rho Ophiuchi, na eneo lote linalozizunguka limejaa vumbi na gesi. Ni moja ya sehemu za karibu zaidi na sisi ambako nyota zinazaliwa, takribani miaka nuru 400. Darubini ya James Webb ilipotimiza mwaka mmoja wa kazi, Julai 2023, picha ya maadhimisho ilipigwa humo humo. Webb ilichukua kipande kidogo mno. Sisi tunataka eneo zima, upana wa nyuzi 10, na kwa hilo lenzi ya 135 mm kwenye kamera ya APS-C (kihisi chake kina upana wa kama 23 mm) inatosha kabisa.

Wengi mnaniuliza kama kamera lazima ifunguliwe kwa fundi, itolewe kichujio cha ndani. Hapana. Nebula nyekundu zinang'aa kwa mwanga wa haidrojeni, nanomita 656, na kamera ya dukani ina kichujio kinachokata sehemu kubwa ya mwanga huo. Vumbi la hapa, kwa sehemu kubwa, linaakisi tu mwanga wa nyota zilizo jirani nalo, na mwanga huo kamera yoyote inauona. Kwa sababu hiyo hiyo, vile vichujio vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa taa za mji havitakusaidia: vumbi linaakisi rangi zote, ukikata taa umekata na vumbi. Pesa ya kichujio ifanye nauli ya kwenda gizani.

Hatua ya 1. Msimu. Juni hadi Agosti. Masika yamekwisha, na katikati ya Julai Antares inapita juu kabisa kati ya saa tatu na saa nne usiku. Dodoma inafika nyuzi 70 juu ya upeo. London haivuki 12, kwa hiyo tusilalamike sana. Ubaya wa msimu wetu ni upepo, na moshi wa mashamba yanayochomwa.

Hatua ya 2. Mwezi usiwepo angani. Basi.

Hatua ya 3. Eneo. Mimi huenda upande wa Kondoa. Popote uendapo, fika mchana na uanzie kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Mgeni aliyekaa porini usiku na taa nyekundu na chuma kinachojizungusha lazima azue maswali, na sungusungu wana haki ya kuuliza. Waonyeshe picha kwenye simu. Mara nyingi utapewa na kijana wa kukaa nawe, na atakuwa na maswali mazuri kuliko ya humu.

Hatua ya 4. Tripodi isawazishwe kwa pima maji, nguzo ya kati isinyanyuliwe, begi lining'inizwe chini yake kwa ajili ya upepo.

Hatua ya 5. Kulenga ncha ya anga. Picha nyingi zinafia hapa, soma polepole.

Traka ni kimota kinachoizungusha kamera kwa kasi ya anga, na mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo anga lote linaonekana kuizunguka. Video zote mtandaoni zinakwambia utafute Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini. Sahau. Dodoma Polaris iko chini ya upeo, na ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya ardhi, ndani ya vumbi na moshi. Nyota iliyo jirani na ncha hiyo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata ingekuwa juu ungeisaka.

Tumia jua. Ning'iniza timazi (uzi na jiwe vinatosha), subiri jua lipite juu ya mstari wako wa kaskazini na kusini, kisha chora kivuli cha uzi chini. Kwa Dodoma katikati ya Julai hiyo ni saa 6:43 mchana, si saa 6 kamili, kwa kuwa saa zetu zinafuata nyuzi 45 mashariki na Dodoma iko karibu na 36. Jua la Julai liko kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli kinaelekea kusini halisi. Piga vigingi viwili juu ya mstari huo, na usiku lenga mhimili wa traka kuufuata. Lakini angalia saa kweli kweli: wakati huo kivuli kinageuka kama nusu nyuzi kila dakika, ukichelewa dakika nne umeshakosea nyuzi mbili. Dira ya simu ikiwa karibu na tripodi ya chuma inadanganya, iache mfukoni.

Kimo unakiweka kwa programu ya simu ya kupima mwinamo, nyuzi sawa na latitudo yako. ONYO: si kila kitako cha traka kinashuka hadi nyuzi 6, kijaribu kabla hujatoka nyumbani. ONYO la pili: mhimili ukilala hivyo, uzito wa kusawazisha unaweza kugonga mguu wa tripodi katikati ya kazi. Zungusha mkono wa traka mzunguko mzima kabla giza halijaingia. ONYO la tatu, swichi ya N na S. Mhimili ukielekea kusini swichi ikae S. Ikikaa N traka inakwenda kinyume, na mistari ya nyota inakuwa mirefu mara mbili kuliko ungepiga bila traka.

Usiku, malizia hivi. Chagua nyota iliyo juu, karibu na mstari wa kaskazini na kusini, ikuze kwenye skrini, traka ikizunguka. Subiri dakika tano. Ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, sogeza mhimili kidogo kushoto au kulia, halafu subiri tena. Mtelezo ukizidi, umeenda upande usio sahihi. Ukitulia, rudia kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii ukirekebisha kimo. Ikiteleza mashariki au magharibi ni gia za traka, achana nayo.

Usahihi kiasi gani? Kwa 135 mm na pikseli za mikroni 4, pikseli moja ni kama sekunde 6 za tao (nyuzi moja ina sekunde 3,600). Mhimili ukikosea nyuzi moja, nyota inaweza kuhama kama sekunde 16 za tao kila dakika. Piga dakika mbili, umepata pikseli 5, nyota imekuwa yai. Ukikosea sehemu ya sita tu ya nyuzi, hata pikseli moja haifiki. Ukifika hapo acha, usiku haungoji.

Hatua ya 6. Fokasi kwa mkono, kwa kuikuza Antares kwenye skrini mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha ibane pete kwa utepe. Kagua tena kila saa, baridi inaihamisha.

Hatua ya 7. Hizo settings. RAW (faili ghafi la kamera). Tundu la lenzi f/2.8, hata kama lenzi inafunguka hadi f/2. ISO 800 au 1600. Sekunde 60 hadi 120. Kitulizo cha mtikisiko cha lenzi zima, na ile huduma ya kamera ya kupunguza chenga baada ya kila picha pia zima, inakula nusu ya usiku.

Hatua ya 8. Kusanya angalau saa mbili. Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: ili zipungue mara 10 unahitaji picha 100.

Hatua ya 9. Flati na daki, yaani picha za kusahihishia kasoro za lenzi na kamera. Daki: funika lenzi, piga 20 kwa ISO na muda uleule, huku unafungasha. Flati: tandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi, elekeza anga la alfajiri au skrini ya tableti, piga 30. Usiguse fokasi wala f. Kila lenzi hutia giza pembeni mwa picha, na wewe utaivuta picha mpaka vitu hafifu vitokee. Bila flati, giza la lenzi litatokea pamoja na vumbi na hutajua lipi ni lipi.

Hatua ya 10. Kustaki (kuziunganisha picha zote ziwe moja) na kuvuta (kuongeza mwanga wa vitu hafifu). Programu ya kompyuta iitwayo Siril ni ya bure na inafanya yote. Tahadhari moja: zana za kusawazisha mwanga wa anga haziwezi kutofautisha taa za Dodoma na wingu la vumbi, zikiachiwa zichague zenyewe zinafuta vyote. Weka alama chache kwa mkono, kwenye sehemu zisizo na vumbi. Hapa ni chache, zitafute.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu shukrani. Nina simu ya kamera tatu, naomba settings za Rho.

Jibu: Simu itakupa Njia Nyeupe. Rho haitakupa.

Mdau wa Mwanza: Nimeona mtu mtandaoni kapiga kwa simu.

Jibu: Muulize yeye settings.

Mdau wa Nanyuki: Sisi tuko juu ya ikweta yenyewe, ncha zote mbili zimelala ardhini. Traka inaelekea wapi?

Jibu: Swali zuri sana hili. Upande wowote. Mhimili unalala sambamba na ardhi, na ukielekea kusini au kaskazini ni mstari uleule, mradi swichi ifuate upande ulioelekea. Chagua upande ambao mlima au miti haikuzibi unapofanya kazi. Njia ya timazi inakufaa, ila tafuta saa ya adhuhuri ya jua kwa longitudo yako. Mwezi Machi na Septemba jua linapita karibu utosini, kivuli kinakuwa kifupi mno. Julai ni salama.

Mdau: Picha yangu ina duara jeusi pembeni, ni vumbi?

Jibu: 9.

Mdau wa Morogoro: Kusema kweli rangi hizi umezipaka. Mimi nikiangalia juu sioni bluu wala njano.

Jibu: Jicho halikusanyi mwanga kwa saa mbili, kamera inakusanya. Rangi nimezikoleza, ndiyo, wala sikuficha. Sikuongeza isiyokuwepo. Nipe barua pepe nikutumie RAW moja uivute mwenyewe.

Mdau wa Iringa: Kama vumbi ni lilelile, mbona kwa Rho ni bluu na kwa Antares ni njano?

Jibu: Kwa sababu ya taa iliyolimulika. Chembe za vumbi ni ndogo mno na zinatawanya bluu kuliko nyekundu. Rho na wenzake ni nyota za moto mkali zenye mwanga wa bluu, basi bluu inatoka kwa wingi. Antares ni nyota jitu nyekundu, haina bluu ya kutosha ya kutoa, vumbi linabaki na njano. Kale kawekundu karibu na Sigma Scorpii ni haidrojeni inayong'aa yenyewe, ndiyo maana kwenye kamera isiyofunguliwa kanatoka hafifu. Na zile njia nyeusi si matundu: ni vumbi zito lililoziba nyota za nyuma. Ndani ya mazito kama hayo ndimo nyota zinazaliwa. Halafu tazama kijimpira cha nyota kando ya Antares, M4. Kinaonekana kama kimo humo, kumbe kiko nyuma sana, miaka nuru kama 6,000.

Mdau wa Muscat: Huku Antares inafika nyuzi ngapi? Na umande wa pwani unaniua.

Jibu: Kama 40, inatosha, na wewe Polaris unaiona, kwa hiyo hatua ya 5 kwako ni dakika kumi. Kimbia pwani, ingia jangwani. Umande ukikufuata hata huko, funga mkanda wa joto wa USB kwenye lenzi, pawabenki inaubeba. Uwashe kabla kioo hakijalowa. Kukifuta ukungu kwa kitambaa kunahamisha fokasi.

Mdau wa Dodoma: Nyongeza: karatasi nyekundu ya pipi juu ya tochi inafanya kazi kuliko taa za bei.

Jibu: Kweli, weka tabaka mbili.

Mdau wa Iringa: Niongeze moja mkuu. Kilimia nacho kina vumbi la bluu. Nacho kinazaa nyota?

Jibu: Hapana, na wengi wanadhani hivyo. Nyota za Kilimia zilishazaliwa zamani, zimekutana tu na wingu lililokuwa njiani. Bluu yake ni ileile ya Rho. Wazee walishasema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: kinapotea Mei na masika, kinarudi alfajiri ya Juni. Kwa picha kisubiri Novemba, kinakaa angani usiku karibu mzima, na Dodoma mvua huwa hazijashika. Lenzi hiyo hiyo, hatua hizo hizo, ila saa yako ya timazi itabadilika, na jua la Novemba liko kusini yetu, kwa hiyo kivuli kitaelekea kaskazini. Mhimili unaendelea kuelekea kusini. Usigeuze swichi.