Namna ya Kutunga Ngano Yenye Wimbo kwa Kumsikiliza Bata Bukini

Ngano yangu ya kwanza kuhusu bata bukini niliitamba katika kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini, nayo haikufua dafu. Nilikuwa nimeijaza maneno ya umoja na safari ndefu za angani, hata bibi mmoja aliyekuwa akibangua korosho akaniuliza, “Mjukuu wangu, huyo bata wako analiaje?” Sikuwa na jibu. Utaratibu ninaoueleza hapa ulitokana na swali lile.

Hatua ya kwanza ni kwenda kusikiliza. Nenda alfajiri wakati wa kiangazi, maji ya Mto Ruvuma yanapopungua na ndege kukusanyika kwenye madimbwi na mafungu ya mchanga, na ufuatane na mwenyeji, kwa kuwa mto huo una mamba na viboko. Mtafute yule ambaye wataalamu humwita Alopochen aegyptiaca: ana rangi ya kahawia, doa la kahawia iliyokolea kuzunguka jicho, na weupe mkubwa wa bawa unaoonekana anaporuka. Wale wanaojipanga angani kwa umbo la ncha ya mkuki wakikimbia baridi ni wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Ukiwaleta Ruvuma, mkulima wa mpunga anayekusikiliza atakugundua mara moja.

Hatua ya pili, andika sauti kwa silabi kabla hujaandika neno lolote. Dume na jike hawatoi sauti moja. Dume hutoa pumzi kavu yenye mkwaruzo, ambayo mimi huiandika “haa, haa”, ilhali jike hupiga kelele kali za harakaharaka, “ka-ka-ka-ka”. Wakiwa pamoja, hasa wanapomfukuza mgeni, sauti hizo huingiliana, na hapo ndipo penye hazina ya mtunzi, kwa sababu tayari una sauti ya kuanza na sauti ya kuitikia.

Hatua ya tatu ni kuzihamishia sauti hizo kwenye ngoma. Jike mpe kinganga, ile ngoma ndogo ya Kimakonde inayochomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo nyembamba. Dume mpe ngoma kubwa, lakini usiipige katikati: sugua ngozi kwa kiganja kikavu mpaka itoe mkwaruzo. Kabla ya kuanza, kausha ngozi ya kinganga kwa moto wa makuti, ukiigeuzageuza na kuigonga kwa kidole kila mara, kwa maana ngozi iliyonyonya umande hulia kama debe lenye nguo ndani, na jike wako atageuka chura. Ikianza kuita, iondoe motoni haraka.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo inayohitaji subira zaidi, ni kuufanya wimbo ubebe kisa badala ya kukipamba tu. Jike hutamia kwa takriban siku 28 hadi 30, naye dume hulinda karibu na kiota. Kenge, kwa upande wake, ni mwizi mashuhuri wa mayai. Katika ngano yangu, jike haoni nje ya majani, hivyo huuliza kwa wimbo:

Ka-ka-ka, nani yuko mlangoni?
Haa, haa, ni mimi wa ubavuni.

Wimbo huu huimbwa mara tatu. Mara ya kwanza anayejibu ni dume, na hadhira hujifunza kiitikio. Mara ya pili kenge amejificha kwenye matete na kujaribu kuiga, lakini pumzi yake ni fupi, kwa hiyo mpigaji husugua ngozi mara moja badala ya mbili. Usiieleze hitilafu hiyo, waache wasikilizaji waisikie wenyewe. Mara ya tatu jike huuliza, na ngoma kubwa hunyamaza kabisa.

Hatua ya mwisho ni kuijaribu ngano mbele ya watoto, kwani watu wazima huvumilia kwa adabu. Mkimaliza “Paukwa!” na “Pakawa!”, endelea mpaka kwenye ule ukimya wa mara ya tatu, kisha hesabu pumzi nne bila kusema lolote. Watoto wakikaa kimya, rudi hatua ya pili, kwa kuwa sauti ya dume haijawakaa masikioni. Wakijibu wenyewe “haa, haa” ili kumwokoa jike, mpe mpigaji wa ngoma kubwa ishara ajiunge nao taratibu.