Kabla Hujapanda Merikebu ya Vasco da Gama: Mambo ya Kuzingatia kwa Baharia wa Kawaida

Tukitaja safari ya kwanza ya Wareno kwenda India, tunamtaja Vasco da Gama, pengine na kaka yake Paulo, basi. Lakini merikebu nne zilizoondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 zilibeba watu wapatao 170, na wengi wao walikuwa watu wa kutweka matanga, kuvuta kamba na kufua maji ngamani, yaani chini kabisa ya merikebu. Zaidi ya nusu hawakurudi. Hao ndio ninaotaka tuwaangalie kwa karibu. Chukulia wewe ni kijana wa miaka kumi na minane, uko Lisbon, umeshaandikishwa, na kasha lako bado liko nyumbani kwa mama yako. Yapo mambo ya kupanga kabla halijafika bandarini.

Anza na fedha, maana hilo ni fupi. Hesabu za msafara wa nahodha Magellan ulioondoka Hispania mwaka 1519 zinatupa picha nzuri ya malipo ya zama hizo: baharia kamili alipata maravedi 1,200 (sarafu za Hispania) kwa mwezi, mwanagenzi 800, mtoto wa kutumwatumwa 500, na mshahara wa miezi minne ulitangulizwa. Ukipewa malipo ya mbele kama hayo, yaache yote nyumbani. Melini hakuna duka, na katika msafara ule wa Magellan walirudi Hispania kwa merikebu Victoria watu 18 tu, Septemba 1522, kati ya zaidi ya mia mbili walioondoka. Kama una deni, lilipe. Kama una mali, hata iwe mbuzi mmoja, sema mbele ya mashahidi itakwenda kwa nani. Na uungame kwa padri kabla ya kupanda, kama walivyofanya wenzako.

Suala la nguo halina mengi. Chukua joho la sufu lenye kofia, na shati la akiba ukiweza. Hutakuwa na chumba wala kitanda. Vyumba vya tezi, nyuma ya merikebu, ni vya wakubwa. Wewe utalala sitahani, popote utakapopata nafasi kati ya kamba na mapipa, na mvua ikinyesha utalowa. Machela ya kuning'inia bado hayajaingia kwenye merikebu za Ulaya. Mabaharia waliyaona kwa mara ya kwanza kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, baada ya Columbus kufika huko mwaka 1492. Hata usingizi utaupata kwa vipande, kwa sababu zamu ni za saa nne, usiku na mchana, na kijana mmoja hukaa akigeuza saa ya mchanga kila nusu saa ili zamu isipotee. Haja kubwa na ndogo ni huko omo, mbele ya merikebu, juu ya maji, mbele ya macho ya wote.

Sasa chakula, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo watu walipofia. Fungu lako la siku ni biskuti ngumu iliyookwa mara mbili, nyama ya chumvi, maji ya pipa, divai, siki kidogo na mafuta ya zeituni. Kwa tumbo linatosha. Shida inaanza likikaa. Antonio Pigafetta, aliyekuwa na Magellan, aliandika walivyovuka Pasifiki miezi mitatu na siku ishirini bila chakula kibichi: biskuti imekuwa unga unaotambaa funza na kunuka mkojo wa panya, maji yamegeuka manjano. Walibandua ngozi za ng'ombe zilizofungwa kwenye foromali, mti unaoshika tanga, ili kamba zisikatike, wakaziloweka baharini siku nne au tano, wakazichoma kidogo juu ya makaa, wakazila. Panya mmoja aliuzwa nusu dukati, sarafu ya dhahabu, na hata hao hawakutosha.

Hata hivyo, muuaji mkubwa alikuwa kiseyeye. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akiba yake huisha ndani ya miezi miwili au mitatu. Biskuti na nyama ya chumvi hazina kitu hicho. Watu wa da Gama walishikwa Januari 1498, walipotia nanga kwenye mto wa Quelimane, Msumbiji ya leo. Mmoja wao aliyekuwa akiandika habari za safari anasema mikono na miguu ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata mtu hawezi kula. Fikiria hilo vizuri: biskuti iko mkononi, njaa unayo, na kinywa hakifungi.

Tarehe 7 Aprili wakafika Mombasa. Mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Mwandishi yule akamshukuru Mungu, akasema hewa ya Mombasa ni nzuri sana. Kila nikisoma sehemu hiyo nasikitika, kwa sababu dawa ilikuwa imo mikononi mwao, maganda yake yametapakaa sitahani, na sifa ikaenda kwa hewa. Mabaharia wenyewe walikuwa wanaanza kuhisi ukweli: Januari 1499, walipopita tena Malindi wakirudi, walituma mtu pwani atafute machungwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Kwa wengi yalifika wakati umekwisha pita. Uingereza ilikuja kuwapa mabaharia wake wa kivita maji ya limau kama kanuni mwaka 1795, karibu miaka mia tatu baadaye.

Basi wewe weka vitunguu na malimau kashani hata kama yatakaa wiki chache tu. Na kila merikebu ikitia nanga, kabla hujatafuta divai wala mtu wa kuzungumza naye, kula tunda na majani mabichi siku hiyohiyo. Ukiona fizi zinatoa damu, usimfiche sarangi, mkuu wa mabaharia.

Jambo la upepo haliko mikononi mwako, lakini ulijue, maana ndilo linaloamua utakula biskuti miezi mingapi. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki haanzi safari ya ng'ambo bila kuangalia msimu, na rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi aliujua. Waliondoka naye tarehe 24 Aprili 1498, kusi inaanza, na siku ya 20 Mei walikuwa wametia nanga karibu na Calicut, bandari ya India. Kurudi walijiondokea pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijashika, bahari imetulia au upepo unawapiga usoni. Waliiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, karibu miezi mitatu. Watu thelathini walikufa katika kuvuka huko, na kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika upande wa Tanga waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa kukosa mikono ya kuiendesha. Kwa hiyo ukisikia wakubwa wanapanga siku ya kurudi, mwulize mwenyeji yeyote wa bandarini upepo ukoje.

Mwisho ni bidhaa zako mwenyewe. Huko Calicut mabaharia waliruhusiwa kushuka kwa zamu, na wakauza walichokuwa nacho: vikuku, vipande vya bati, mashati ya mwilini. Shati zuri la reali 300 kwa Lisbon lilipata reali 30 tu huko. Waliliuza hivyohivyo ili wapate japo mdalasini na karafuu kidogo za kurudi nazo. Chukua bati na vikuku vya kuuza, kwa sababu havina kazi nyingine melini. Shati la akiba rudi nalo. Njia ya kurudi ni ndefu, na usiku wa baharini huwa na baridi.