Ukienda kuona bendi changa ya rock Mombasa, fanya hivi

Huku kwetu mtu akisikia muziki laivu akili inaenda kwa taarab, chakacha ama bendi za mahoteli, na ni haki, Them Mushrooms walianzia hapa hapa Mombasa 1972 na wakakomaa kwa kupiga hotelini. Lakini kuna vijana wana gita za umeme na dramu na nyimbo zao wenyewe, wanapiga rock mbele ya watu thelathini arubaini hivi, kwenye ukumbi mdogo ambao mchana ni mkahawa ama ni wa kuigizia. Bendi kama hiyo inasimama ama inakufa kwa vile hao watu arubaini watakavofanya usiku ule. Kwa hivo kwenda kuna namna yake.

Kwanza kuijua shoo iko wapi. Nairobi ndo rock imeshika zaidi, kina Crystal Axis na Duma wametoka huko (Duma albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala). Huku pwani shoo ndogo inatangazwa sana sana kwa Instagram na status za WhatsApp, kwa hivo ifuate bendi yenyewe na ufuate pia sehemu za sanaa kama Swahilipot, Alliance Française na Little Theatre Club. Kama hujafika miaka 18 tafuta shoo za jioni kwenye sehemu hizo, usihangaike na za baa, sheria ya pombe haikuruhusu kuingia na mlangoni utarudishwa.

Kabla hujaenda skiza nyimbo mbili zao, mbili tu zatosha. Rock laivu chumbani inakuja yote kwa pamoja na kama hujui wimbo unaelekea wapi utasikia kelele, lakini ukiwa ushaijua ile korasi utaiskia ikikaribia na utaimba nao, na kijana aliyeandika maneno hayo chumbani kwake akiona mtu asiyemjua anayaimba, utaona vile uso unabadilika na wimbo unaofuata anaupiga tofauti kabisa.

Kiingilio lipa. Hata kama unamjua mpiga besi tangu madrasa, usimpigie simu uko mlangoni akutoe bure. Pesa ya mlangoni ndo inalipa mitambo, fundi wake na tuktuk ya kubeba dramu, kinachobaki ndo cha bendi.

Tangazo likisema saa moja, fika saa moja. Najua, watu watakwambia hawaanzi mpaka saa tatu, na pengine ni kweli, lakini wa kwanza kupanda huwa ndo wale wadogo kabisa na wao ndo wanapigia viti vitupu. Tena kama ukumbi uko karibu na nyumba za watu, shoo huenda ikakatwa mapema kwa sababu ya kanuni za kelele za 2009, zile za NEMA, mamlaka ya mazingira, usiku zinabana sana. Ukichelewa unaeza kukuta wanakunja waya.

Sasa masikio, hapa naomba uniskize vizuri. Dramu ndani ya chumba kidogo hata bila maiki inafika desibeli 100 bila shida (desibeli ndo hupima ukali wa sauti), na kipimo kinachotumika na wataalamu wa usalama kazini ni hivi: desibeli 85 unaeza kukaa nazo saa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, ukipiga hesabu kwa 100 unabaki na dakika 15. Shirika la Afya Duniani nalo 2022 lilitoa mwongozo kwamba ukumbini wastani usizidi 100. Kwa hivo nunua viziba masikio vya sponji, uliza duka la dawa, ni bei ndogo. Kuvivaa watu wengi hawajui, wanavibandika tu mlangoni mwa sikio halafu wanasema havifanyi kazi. Osha mikono, kizungushe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, ingiza, ukishikilie kwa kidole mpaka kijae chenyewe. Ukiongea ukasikia sauti yako imekuwa nzito ndani ya kichwa ujue kimekaa. Muziki utausikia bado, na ukifika nyumbani masikio hayatakuwa yakilia nzii.

Pa kusimama. Kumbi zetu nyingi ni saruji na vigae, chumba kikiwa kitupu sauti inagonga ukuta inarudi, kila kitu kinavurugika, na miili ya watu ndo inameza ule mwangwi. Kwa hivo kusogea mbele si adabu peke yake, kunaifanya bendi isikike vizuri. Usisimame moja kwa moja mbele ya amplifaya ya gita, itakuchoma na mwimbaji hutamsikia kwa sababu sauti yake inatokea kwenye zile spika kubwa za pembeni. Pembe za chumba nazo epuka, besi inajikusanya pale. Pazuri ni katikati ya spika mbili, hatua chache nyuma, ama karibu na fundi mitambo, maana yeye anarekebisha kwa kile anachosikia pale alipo. Lakini kama mbele hakuna mtu, nenda mbele tu na hayo mengine yasahau, bendi inahitaji kuona nyuso.

Na muwe na subira na kutuni, yaani kuweka sawa sauti za nyuzi. Joto letu na unyevu na jasho vinakula nyuzi za gita, zinashika kutu haraka, na gita likitolewa kwenye gari yenye AC likaingizwa chumba chenye watu linapoteza tuni palepale, mbao yenyewe inacheza. Mtazame yule wa gita kati ya nyimbo, anapangusa nyuzi kwa kitambaa, anakanyaga kijimashine chenye taa pale chini, anazungusha ufunguo kidogo kidogo mpaka taa igeuke kijani, na ukumbi wote umenyamaza unamkodolea macho. Dakika hiyo kwa kijana wa miaka 19 ni ndefu sana. Piga makofi, ita jina la bendi, mwambie mwimbaji atuhadithie wimbo unaokuja unahusu nini. Usipige kelele za kutaka nyimbo za bendi kubwa za ng'ambo, wamekuja na zao.

Stima ikipotea, na itapotea siku moja, usikimbilie mlango. Dramu haitaki umeme na koo haitaki umeme, washeni tochi za simu mupige makofi kwa mdundo mpaka jenereta iwake.

Kutuza ruhusa. Si ya taarab peke yake, hii ni pwani na mwanamuziki akikuridhisha unamtuza, sioni kwa nini mwenye gita la umeme anyimwe. Ila tazama miguu yako, pale mbele kumejaa pedali na waya, ukikanyaga moja unazima gita zima katikati ya solo. Ngoja wimbo uishe, weka noti juu ya spika ama mpe mwimbaji mkononi. Kama huna keshi uliza namba ya M-Pesa ya bendi.

Simu itoe kwa wimbo mmoja, bila flashi, halafu iweke. Ukirikodi ukiwa umeikaribia spika sauti itapasuka na hiyo video haitawasaidia, rudi kati ya chumba.

Kurudi nyumbani kupange kabla, hasa dada zangu. Nendeni wawili watatu, mkodi tuktuk moja ambayo dereva mnamjua. Wa Likoni feri ni usiku kucha na kwa miguu hulipi, lakini usiku mwingi unaeza kungoja, kwa hivo msiachane mpaka muvuke. Njaa ikishika, mishkaki na viazi karai havikosi njiani.

Wakimaliza wape dakika tano wapumue. Halafu nenda uwaambie kitu mahsusi, ule wimbo wa tatu pale besi ilipobaki peke yake, kitu kama hicho, "mko poa" wanaambiwa na kila mtu. Nunua stika ama tisheti kama wanazo. Kesho yake ile video iposti, andika jina la bendi na jina la wimbo, wape tagi. Na wakitangaza shoo inayofuata chagua rafiki mmoja ambaye hajawahi kuskia gita la umeme likipigwa mbele yake, mwambie mwaenda pamoja na kiingilio chake utalipa wewe.