Kijiti cha oili hakifungwi unapopima

Injini ya kwanza niliyoinoki, yaani kuiua kwa kukosa oili, haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kihonda, hapa Morogoro, aliyenikabidhi pikipiki kwa hesabu ya siku. Nilimuulia kwenye mlima wa Mgeta, nikiwa na abiria na mfuko wake wa saruji. Kwanza nguvu ziliisha, nikadhani ni mzigo. Kisha ukaja mlio wa ko-ko-ko kama mtu anagonga mlango kwa funguo. Halafu tairi la nyuma likajifunga lenyewe, tukaburuza mpaka kwenye majani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba asubuhi ile oili nilikuwa nimeipima. Kijiti, kile cha kupimia kilichoungana na kifuniko cha kukaza kwa meno, kilionyesha katikati ya alama mbili, nikaondoka kifua mbele. Fundi alipofungua nati ya chini ilitoka kama nusu lita, nyeusi tii, kwenye injini inayotaka lita moja kasoro kidogo. Akaniuliza nimepimaje. Nikamwonyesha: nikakifunga kijiti mpaka mwisho, nikakifungua, nikasoma. Mzee akatikisa kichwa: “Mwanangu, umepima meno ya kifuniko. Oili hujaipima.”

Nililipa pistoni, ringi na kuchonga bloku, kidogo kidogo kwa miezi miwili, juu ya hesabu ya kila siku.

Ninazungumzia hizi pikipiki za Kichina zenye injini ya CG, ile iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976. Kijiti chake kipo upande wa kulia, chini, nyuma ya kava ya klachi: kifuniko cheusi cha plastiki chenye ulimi mrefu. Kwenye ncha ya ulimi kuna alama mbili, ya juu na ya chini. Pikipiki yako kama ina kioo kidogo cha duara badala ya kijiti, kazi ni rahisi zaidi: isimamishe wima, chuchumaa, oili ionekane kati ya mistari miwili. Basi.

Wenye kijiti, twende taratibu.

Tafuta sehemu tambarare. Washa injini iungurume bila kuvuta mafuta kwa dakika tatu hadi tano, zima, subiri dakika mbili au tatu oili ishuke kutoka juu. Ukipima palepale ulipozima, sehemu yake bado iko huko kwenye kichwa na kuta za injini, na kijiti kitakudanganya kwamba imepungua.

Iweke kwenye stendi ya kati. Hili vijana wengi kijiweni hawalifanyi, wanapima imelala kwenye stendi ya pembeni huku wanakunywa kahawa. Stendi ya pembeni inalaza pikipiki kushoto, na kijiti kiko kulia. Oili inakimbilia kushoto, kijiti kinabaki juu juu, unaona imepungua, unaongeza. Kesho hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye oili imejaa mpaka inapanda kwenye mpira wa kupumulia, inaingia kwenye eakilina (chujio la hewa), na ekzosi inatoa moshi wa bluu. Unaambiwa ringi zimekwisha, unavunja injini nzima kumbe ugonjwa ulikuwa stendi. Kama stendi ya kati imekatika, na nyingi zimekatika, muite mwenzako akushikie usukani pikipiki isimame wima kabisa.

Futa vumbi kuzunguka kifuniko kabla hujakifungua. Mchanga ukidondoka mle ndani hautoki kwa maombi, na injini hii haina filta ya karatasi kama ya gari. Fungua, futa ulimi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Sasa rudisha kijiti kwenye tundu, kikae juu ya mdomo wa tundu, USIKIFUNGE. Kiache kiguse tu, kivute, kisome.

Jaribu mwenyewe mara moja uone. Pima bila kufunga, weka alama kwa kucha. Futa, kifunge mpaka mwisho, kifungue, angalia tena. Mstari wa oili umepanda karibu kama urefu wa yale meno ya kifuniko, na hujaongeza hata tone. Huo ndio uongo ulionipeleka Mgeta. Kwa hiyo makosa haya mawili yanavutana: stendi ya pembeni inakufanya ujaze kupita kiasi, na kufunga kijiti kunakufanya uendeshe pungufu. Ukiyafanya yote mawili siku moja unaweza ukapata jibu sahihi kwa bahati, ndiyo maana watu wanayafanya miaka na hawashtuki. Tahadhari moja tu: zipo pikipiki za aina nyingine ambazo kitabu chake kinasema funga kwanza. Kitabu kikisema hivyo, fuata kitabu.

Ikiwa iko chini ya alama ya chini, ongeza. Kipimo changu ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Weka kimoja, subiri dakika moja, pima. Bado? Kingine. Lengo ni kukaribia alama ya juu bila kuivuka. Usimimine kutoka kwenye chupa kwa macho, maana injini yenyewe inabeba lita moja tu, vikombe vitatu vya kahawa ni vingi sana humo.

Ongeza oili ya namba ileile iliyomo. Wengi wetu huku kwenye joto tunatumia 20W-50. Angalia chupani kama imeandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Oili hiyo hiyo ndiyo inayolowesha klachi, na oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano inafanya klachi iteleze: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi.

Umezidisha? Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano kubwa na kipande cha mpira wa dripu. Ingiza mpira kwenye tundu la kijiti, vuta taratibu. Ni safi kuliko kulegeza nati ya chini, ambayo kwangu inafunguka kwa spana namba 17. Ile nati imeingia kwenye aluminiamu, na mkono wa hasira ukikaza kila wiki, meno yanang'oka.

Ukiwa umeshika kijiti, tazama rangi pia. Weusi peke yake haunitishi, oili inayofanya kazi inachafuka. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, labda ulivuka mto au aliyeosha pikipiki alielekeza bomba pabaya. Hiyo haiongezwi, inamwagwa yote. Ikishuka kila siku wakati chini pakavu, injini inaichoma, angalia ekzosi asubuhi inapowaka.

Ila inayonitia wasiwasi kuliko zote ni oili inayopanda yenyewe. Mwaka jana dogo mmoja kijiweni alifurahi, anasema pikipiki yake haili oili kabisa, tena inaongezeka. Nikanusa kijiti chake: petroli tupu. Sindano ya kabureta ilikuwa haifungi, na yeye koki ya tangi haifungi usiku. Petroli ilishuka usiku kucha, ikapita kwenye silinda ikaingia kwenye oili. Oili ilikuwa nyepesi kama maji, inateleza kidoleni bila kuacha utando. Tukamwaga yote pale pale kwenye beseni, tukaweka mpya, tukampeleka kwa fundi wa kabureta. Koki anaifunga siku hizi kila akishuka, hata akienda kununua vocha.